Maji Yachemkayo na Kimo cha Nchi



Katika vitabu vingi vya sayansi imeandikwa ya kwamba maji huchemka yafikapo digrii 100 za Celsius. Lakini mwanafunzi wa Singida akitia kipimajoto kizuri katika sufuria ya maji ya mvua yatokotayo, ataona digrii 95 tu. Hata akichochea kuni kwa muda gani, zebaki haipandi tena. Je, kitabu kimesema uongo, ama chombo kimeharibika? La, si hili wala si lile. Leo twataka kueleza sababu ya jambo hilo, na kuonyesha jinsi tofauti ya digrii chache ilivyotumiwa na wasafiri waliopita katika nchi yetu wakitafuta chanzo cha mto Nile, na jinsi ilivyowatia wengine katika ugomvi mkubwa.

Kwanza yatupasa kujua joto hupimwaje, maana mkono wa mtu si kipimo cha kuaminiwa. Twaa makarai matatu. La kwanza litie maji ya baridi, la pili maji ya moto unaoweza kuvumilika, na la tatu maji ya vuguvugu. Tia mkono mmoja katika la kwanza na mwingine katika la pili, ungoje kidogo, kisha itie yote miwili katika la tatu. Mkono mmoja utakuambia kwamba maji yale ni ya moto, na mwingine utakuambia kwamba ni ya baridi, na maji ni yale yale. Ndivyo ilivyo pia mtu wa pwani apandapo Singida wakati wa kipupwe. Yeye hutetemeka katika blanketi, hali mwenyeji anakwenda shambani na shati moja. Kila mmoja asema kweli juu ya mwili wake, lakini hakuna aliyepima hewa.

Tena yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo twayaita yote joto. Cheche irukayo kutoka katika makaa ni kali kuliko maji ya uji, lakini ikikuangukia mkononi hukuchoma kidogo tu na kuzimika. Sufuria nzima ya maji yachemkayo ikikumwagikia ni msiba. Cheche ina ukali mwingi wa joto, ila joto lenyewe ni dogo kwa kuwa cheche ni ndogo. Kipimajoto hupima ule ukali, yaani kiasi cha joto, wala hakitaji ni joto kiasi gani lililomo ndani ya kitu kizima. Leo wataalamu huuita ukali huo halijoto.

Chombo chenyewe hufanya kazi kwa kanuni moja nyepesi. Vitu vingi vipatapo moto hutanuka, na vipoapo hujikunja. Zebaki ikitiwa katika tumba dogo la kioo lenye mrija mwembamba, hutanuka ikapanda katika mrija, nasi twaona. Mwisho wa karne ya 16, huko Italia, Galileo alitengeneza chombo kilichoonyesha kupanda na kushuka kwa joto, lakini hakikuwa na namba za kukubaliwa na watu wote. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja kila fundi alichora alama zake mwenyewe. Ilikuwa kama soko ambalo kila mwuzaji ana pishi yake: mtu akisema amepima pishi tatu, husemi neno mpaka umeiona pishi yake.

Ili kuondoa fujo hiyo, zilitakiwa alama mbili ambazo kila mtu, popote alipo, aweza kuzipata. Kati ya alama hizo mbili mtu hugawanya mrija kwa visehemu sawasawa, na kila kisehemu ni digrii moja. Basi vipimo vyote vya joto tunavyovisikia vilitoka katika swali hilo moja: alama mbili zipi, na visehemu vingapi?

Gabriel Fahrenheit alizaliwa mwaka 1686 katika mji wa Danzig, ambao leo huitwa Gdańsk, akafanya kazi yake katika Uholanzi. Yeye ndiye aliyeeneza vipimajoto vizuri vya zebaki, na mwaka 1724 alieleza kipimo chake. Sufuri yake aliipata kwa kuchanganya barafu, maji na chumvi ya namna fulani. Barafu iyeyukayo katika maji matupu aliipa digrii 32, na joto la mwili wa mtu mzima aliliweka katika 96. Baadaye kipimo hicho kilirekebishwa, hata maji yachemkayo pwani yakawa na digrii 212, na mwili wa mtu ukaonekana kuwa na 98 na zaidi kidogo. Hiki ndicho kipimo walichokitumia Waingereza kwa muda mrefu, nacho kilikuja nao katika Afrika ya Mashariki. Watu wa Marekani hukitumia hata leo.

Katika Ufaransa, mwaka 1730, Réaumur alitoa kipimo chake ambacho kati ya barafu na maji yachemkayo kina digrii 80. Kisha mwaka 1742, katika mji wa Uppsala nchini Uswidi, Anders Celsius alizigawa alama hizo mbili kwa visehemu 100. Jambo la kushangaza ni kwamba Celsius aliweka sufuri penye maji yachemkayo, na 100 penye barafu, hata joto likizidi namba zikawa zapungua. Alikufa mwaka 1744, na baada ya muda mfupi wenzake waliigeuza ngazi ile, nayo ikawa kama tuijuavyo. Kwa miaka mingi kipimo hicho kiliitwa sentigredi, maana yake hatua mia. Mwaka 1948 mkutano wa mataifa juu ya vipimo uliazimu kiitwe kwa jina la Celsius. Hicho ndicho kitumikacho leo katika shule na hospitali zetu, na katika habari za hali ya hewa, ambapo digrii huitwa nyuzi joto.

Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alionyesha ya kwamba baridi ina mwisho wake. Mwisho huo ni digrii 273 na zaidi kidogo chini ya sufuri ya Celsius. Kipimo cha Kelvin huanzia hapo, nacho hutumiwa na wenye elimu ya sayansi.

Kugeuza namba ya Fahrenheit iwe ya Celsius si kazi ngumu. Toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Twaa joto la mwili wa mtu mzima, 98.6 za Fahrenheit. Ukitoa 32 zabaki 66.6. Ukizidisha kwa 5 utapata 333. Ukigawanya kwa 9 utapata 37. Basi 98.6 na 37 si joto mbili, ni joto moja lililotajwa kwa majina mawili.

Sasa turudi kwenye sufuria yetu. Fahrenheit na Celsius wote wawili waligundua shida katika alama ya maji yachemkayo. Barafu iyeyukayo hukaa katika alama yake, uwe bondeni ama mlimani, bila ya tofauti ya kuonekana. Lakini maji yachemkayo hubadilika kwa kadiri ya uzito wa hewa iliyo juu yake. Hewa nayo ina uzito, ingawa hatuihisi. Mtu wa Dar es Salaam yuko chini kabisa ya bahari hii ya hewa, na hewa yote imemlemea. Mtu wa Singida amepanda kama mita 1,500, na ile hewa aliyoiacha chini haimlemei tena. Maji yatakayo kuchemka ni lazima yatoe mapovu ya mvuke yenye nguvu ya kuisukuma hewa iliyo juu. Hewa ikiwa nyepesi, kazi hiyo yatimizwa kwa joto dogo zaidi. Kwa kukadiria, kila mita 300 za kupanda hupunguza digrii 1 ya Celsius. Mita 1,500 hupunguza 5, nazo zabaki 95. Kwa kipimo cha Fahrenheit hizo ni 203 badala ya 212. Juu ya mlima Hanang, ambao watu wa kaskazini ya Singida huuona kwa mbali, maji huchemka kwa digrii 89 hivi. Na juu ya kilele cha Kilimanjaro, kwa digrii 80 na kitu.

Ndiyo sababu maharagwe yale yale huchukua kuni nyingi zaidi Singida kuliko pwani. Chakula hakiivishwi na mapovu. Huivishwa na joto, na joto la maji yetu limepungua. Ukiongeza moto maji hayazidi ukali, hukauka upesi tu. Funika sufuria, uache moto wa kadiri, kuni zitapungua. Wala asiogope mtu kwamba maji ya kunywa yaliyochemshwa huku hayafai. Yakitokota sawasawa kwa dakika nzima, vijidudu vya maradhi ya tumbo hufa kwa digrii 95 pia.

Watu wenye akili waliona mapema ya kwamba kama kimo cha nchi hubadili namba, basi namba nayo yaweza kutufunulia kimo cha nchi. Hakuna haja ya kubeba kamba wala ngazi: chemsha maji, soma kipimajoto, fanya hesabu. Njia hii ndiyo waliyoitumia wasafiri katika bara letu.

Mwezi wa Juni mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani wakifuata njia ya misafara iliyokwenda Unyamwezi. Hawakuivumbua njia hiyo. Wafanya biashara wa pwani na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiipita tangu zamani. Baada ya Ugogo waliingia katika pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali. Sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Singida, pande za Manyoni na Itigi. Jina hilo Burton alilifasiri kuwa shamba la moto, na kwa kweli maji yalikuwa haba na jua kali. Tarehe 7 Novemba walifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo. Vipimajoto na vyombo vingine vilisafiri vichwani na mabegani mwa wapagazi, na njiani vingi vilivunjika, vikaharibika ama vikapotea.

Mwezi wa Februari 1858 walifika Ujiji, wakaliona ziwa Tanganyika. Walipotaka kujua kimo chake hawakuwa na kipimajoto cha kazi hiyo kilichokuwa kizima. Walikuwa na kile cha kawaida, cha namna iliyotumiwa Ulaya kupimia maji ya kuoga. Walichemsha maji, wakasoma, wakapiga hesabu, wakapata kimo cha futi zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya leo kimo cha ziwa Tanganyika ni mita 773 hivi, yaani futi zaidi ya 2,500. Walikosa kwa futi karibu 700. Kosa hilo laonekana kubwa, lakini kwenye mrija wa kioo ni kama digrii 1 na robo tu ya Fahrenheit. Fikirini upana wa digrii moja katika kipimajoto cha maji ya kuoga, nanyi mtaelewa jinsi ilivyo rahisi kukosa.

Walipokuwa wamerudi Kaze, Burton alikuwa mgonjwa, na mwezi wa Julai Speke alikwenda kaskazini. Pamoja naye alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao, aliyekuwa mkalimani wake na msaidizi mwaminifu. Tarehe 3 Agosti 1858 waliliona ziwa kubwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, na Speke alilipa jina la malkia wake, Victoria. Hapo kimo kilichopatikana kilikuwa futi zipatazo 3,740, nacho ni karibu sana na kweli, maana ziwa hilo lina mita 1,134, yaani futi 3,720. Speke alisema palepale ya kwamba chanzo cha Nile ni hiki. Burton hakukubali. Marafiki wawili wakawa mahasimu.

Tarehe 16 Septemba 1864 walitakiwa kukutana mbele ya wataalamu katika mji wa Bath, Uingereza. Siku moja kabla ya mkutano Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Mwaka huo huo Burton alitoa kitabu akishikilia ya kwamba maji ya ziwa Tanganyika hutoka upande wa kaskazini na kwenda kuingia Nile.

Sasa namba za joto zikawa ushahidi katika shauri hilo. Mwaka 1864 Samuel Baker alifika ziwa Albert, ambalo mto Nile hupita ndani yake, naye alipima kimo chake kwa maji ya kuchemka akapata futi zipatazo 2,720. Maji hayapandi mlima. Kama Tanganyika ina futi 1,850 na Albert ina 2,720, maji ya Tanganyika hayawezi kamwe kufika Albert. Waliokuwa upande wa Burton walijibu ya kwamba kipimajoto cha Ujiji hakikuwa cha kutegemewa, na kwamba ziwa lile laweza kuwa juu zaidi. Twaona leo ya kuwa katika neno hilo walisema kweli. Tanganyika iko juu kuliko Albert, maana Albert ina futi 2,000 na kitu tu. Kipimo cha Baker kilizidi, na kile cha Ujiji kilipungua, hata mambo yakaonekana kinyume. Lakini ingawa walikuwa na haki juu ya kipimajoto, hawakuwa na haki juu ya mto.

Shauri halikukatwa na chombo. Mwaka 1858 Burton na Speke walipofika Uvira walikuwa wamekwisha ambiwa na wenyeji ya kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki, ila hawakufika kwenye mlango wake kuona. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao kwamba maji ya Rusizi yaja ziwani, kama wenyeji walivyosema. Mwaka 1874 Cameron aliuona mto Lukuga, ambao huyapeleka maji ya Tanganyika magharibi kuelekea Kongo. Na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa Victoria lote, na maneno ya Speke yakathibitika.

Ndugu zetu, habari hii yatufundisha mambo ambayo mwalimu na mwanafunzi, hata mzazi nyumbani, aweza kuyatumia.

Neno la kwanza, namba ya joto bila ya jina la kipimo haina maana. Mtoto mwenye 100 kwa kipimo cha Fahrenheit ana homa kidogo, maana ni sawa na 37.8 za Celsius. Lakini 100 za Celsius ni maji ya kuunguza. Mtu akisoma kitabu cha zamani, na atazame kwanza ni kipimo gani. Na mzazi ajue kwamba mtoto akifika digrii 38 za Celsius ana homa, na katika nchi yenye malaria haifai kungoja. Apelekwe zahanati akapimwe damu.

Neno la pili, chombo nacho hupimwa. Kipimajoto cha darasani kitie katika barafu iliyopondwa na inayoyeyuka. Popote ulipo kionyeshe sufuri. Kisha kitie katika maji yachemkayo. Kwa Singida mjini kionyeshe 95 hivi, na yule anayejigamba kuwa chake kimeonyesha 100, chombo chake hakifai. Tumia maji ya mvua, wala si ya ziwa Singidani, kwa kuwa chumvi hupandisha alama ya kuchemka. Lakini tahadharini: kile kipimajoto cha kioo cha kupimia homa kisitiwe kamwe katika maji ya moto. Namba zake huishia 42, na zebaki ikizidi kupanda kioo hupasuka. Zebaki ni sumu. Ikimwagika isishikwe kwa mikono, na watoto waondolewe mahali pale. Ndiyo sababu siku hizi vipimajoto visivyo na zebaki vyapendelewa zaidi.

Neno la tatu, mwanafunzi asiandike asichokiona. Akisoma 95 katika sufuria, na kitabu chasema 100, aandike 95, kisha aulize kitabu kiliandikwa kwa ajili ya mahali gani. Kitabu chasema habari za maji ya usawa wa bahari, na sufuria yasema habari za Singida. Namba ile 95 ina kimo cha nchi yetu ndani yake. Anayeifuta ili apate kulingana na kitabu amefuta mita 1,500 za ardhi anayoikanyaga.

Basi chemsheni maji, mpime, muandike, na mlinganishe na wenzenu walio Manyoni, Kiomboi, Dodoma na pwani. Mtakapoona namba zimetofautiana msigombane, bali tafuteni kimo cha kila mahali, na sababu mtaiona wenyewe.